Barakoa ya Nguo na Haki ya Jirani

Usiku wa kuamkia Ijumaa iliyopita aliingia katika darsa yetu kijana mmoja ambaye twamjua kwa adabu na kwa kuhudhuria, naye amejifunga barakoa ya nguo, ya kushonwa nyumbani, iliyomfunika pua na kinywa. Alikuwa na kikohozi. Alitoa salamu asimpe mtu mkono, akaenda akaketi nyuma kabisa, karibu na mlango. Kabla hajatulia, bwana mmoja wa makamo alimwambia kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Kwani weye hujapata khabari kuwa Korona imekwisha?" Watu wakacheka. Mwengine akaongeza ati mwenye imani haendi mbele ya Mola wake hali amejiziba uso kama mwizi. Kijana hakujibu. Darsa ilipokwisha alitujia kando akatuuliza masuala mawili: Je, amekosa? Na je, wajibu ule tulioamrishwa mwaka 2020 ulikuwa ni wajibu wa serikali tu, hata serikali ilipouondoa ukawa umeondoka, au ulikuwa na asili nyengine?

Hatukumjibu usiku ule. Tulimwambia kuwa jawabu tutaliandika katika karatasi hii, kwani aliyoyauliza yeye wako wengi watakao kuyauliza wakaona haya. Na kwa kweli ilikuwako sababu ya pili. Jambo hili latugusa sisi wenyewe mahali ambapo tungalipenda pasiguswe, na msomaji ataliona hilo mbele.

Na tuanze kwa kukumbushana, maana miaka ni michache na watu wamekwisha kusahau. Mgonjwa wa kwanza wa Korona katika nchi yetu alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Kabla ya mwezi ule kwisha misikiti ilikuwa imefungwa, na amri ya kutotoka usiku imeanza. Tarehe 8 Aprili zikafungwa njia za kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale. Na tarehe 6 Mei, ndani ya mwezi wa Ramadhani, Mji wa Kale wenyewe ukafungwa peke yake, usifunguliwe mpaka siku za mwanzo za Juni, Idi ikiwa imekwisha kupita. Waliokuwa ndani yake hawakuhitaji kuelezwa na mtu Idi hiyo ilikuwaje. Katika siku zile za Aprili ndipo kila atokaye nyumbani alipoamrishwa kufunika pua na kinywa, na sheria ikamuwekea mwenye kukhalifu faini isiyozidi shilingi 20,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au yote mawili. Barakoa za hospitali ziliadimika na bei yake ikapanda, na ikasemwa kuwa zilizoko waachiwe matabibu na wauguzi. Basi watu wakarudi kwenye cherehani. Mafundi wa kanzu waliokuwa hawana kazi, na mama zetu majumbani, walikata leso, shuka na mabaki ya bafta, wakashona.

Hata jina la kitu hiki lina kisa. Kwa wazee wetu barakoa ilikuwa ni kile kifuniko cha uso walichokivaa mabibi wa kiungwana wa Unguja na wa Omani, na mtoto wa mjini aliyezaliwa juzi pengine hakuwahi kulisikia neno hilo kabla ya mwaka 2020. Lilirudi ghafula, likatangazwa kila saa katika redio, na barakoa zenyewe zikitembezwa barabarani zikining'inia mkononi mwa wachuuzi.

Yatupasa tujue kwanza kitambaa hiki hufanya kazi gani, kwani mtu hawezi kulihukumu jambo asilolijua. Mwenye maradhi haya huyatoa pamoja na pumzi. Akizungumza, akikohoa, akipiga chafya, akisoma kwa sauti, hutoka kinywani mwake vitone vidogo. Vikubwa huanguka karibu yake, na vidogo hubaki hewani, khasa katika chumba kilichofungwa ambacho upepo haupiti. Na khatari yake kubwa ni kuwa mtu huweza kuwaambukiza wengine siku moja au mbili kabla ya yeye mwenyewe kuhisi lolote, na wako ambao hawahisi kitu tangu mwanzo hata mwisho. Sasa, vitone hivi vinapotoka kinywani huwa bado ni vinyevu na vikubwa, na nguo iliyo karibu huvidaka. Vikisha kutoka na kuenea hukauka, huwa vidogo zaidi, na kuvizuia visiingie katika pua ya mtu wa pili huwa kazi ngumu kuliko ile ya kuvizuia visitoke. Kwa hivyo barakoa ya nguo humkinga zaidi yule aliye mbele ya mvaaji kuliko inavyomkinga mvaaji.

Namna ya kuishona pia si jambo la kupuuza. Tarehe 5 Juni 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri kuwa barakoa ya nguo iwe ya tabaka tatu: ya ndani iwe ni pamba yenye kunyonya, ya nje iwe ni nguo isiyonyonya maji upesi, na ya katikati iwe ni kile kitambaa kisichofumwa, kama kile kilichokuwa kikifanyiwa mifuko ya sokoni baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku nchini mwaka 2017. Tena ikae sawa juu ya pua na chini ya kidevu, isiache pengo. Wako dada zetu waliodhani kuwa nikabu yawatosha. Nikabu ni stara, na hapo hatuna neno. Lakini nguo ya tabaka moja iliyoachiliwa chini huipitisha pumzi yote, na aliyetaka kumkinga mwenziwe ilimpasa avae barakoa ndani ya nikabu yake.

Hapa ndipo lilipo shina la maneno. Nguo nyengine zote azivaazo mtu humstiri yeye mwenyewe, au humkinga na baridi na jua. Hii, faida yake iliyo kubwa ni ya mtu mwengine. Atokwaye jasho ni mimi, na anayeepukana na dhara ni wewe; nami nataka uvae kwa ajili yangu kama ninavyovaa kwa ajili yako, wala hatuna mkataba tulioandikiana. Je, waweza kuwako wajibu wa namna hiyo? Mtu husema: "Mimi sijijui kuwa ni mgonjwa. Nisilolijua silaumiwi. Nikimdhuru mtu bila ya kujua, hiyo ni kadari yake." Maneno haya tumeyasikia kwa watu wa akili, na si ya kutupwa ovyo, kwani ni kweli kuwa mtu halaumiwi kwa asilolijua.

Lakini kutojua kuko kwa namna mbili. Mtu wa ghorofani akimwaga maji machafu kichochoroni usiku wa giza, bila ya kuchungulia wala kutoa sauti, naye mpita njia akarowa kutoka kichwani hata nyayoni, je, atapona kwa kusema, "Mimi sikumuona"? Atajibiwa: "Hukumuona kwa kuwa hukutazama, nawe wajua kuwa kichochoro ni njia ya watu." Hajui kuwa yuko mtu, lakini ajua kuwa huenda yuko. Na kule kujua kuwa huenda kunamlazimisha kitu kidogo, nacho ni kuchungulia, au kupiga kelele, "Jihadharini!" Mwaka 2020 sote tulikuwa ni watu wa ghorofani.

Tena dini yetu haikuliwacha jambo la pumzi bila ya adabu. Aliyekula kitunguu thomu kibichi ametakiwa ajitenge na msikiti mpaka harufu iondoke, kwa sababu huwaudhi walio karibu naye. Na harufu haijaua mtu. Ikiwa pumzi yenye kuudhi pua imewekewa adabu kiasi hiki, seuze pumzi ambayo huenda ikamlaza mzee wa safu ya mbele asiinuke tena?

Wala hatutaki kumghuri msomaji kwa kuitukuza nguo kuliko kadiri yake. Mwisho wa mwaka 2020 na mwanzo wa 2021 wataalamu walifanya jaribio kubwa katika vijiji 600 vya Bangladesh, nchi ya Waislamu wenzetu, likawahusu watu wazima karibu 340,000. Vijiji vyengine vilipewa barakoa za hospitali, vyengine za nguo, na vyengine havikupewa kitu. Palipotolewa za hospitali, wenye kuonyesha dalili na kuthibitika kuwa wameambukizwa walipungua kwa kadiri ya sehemu 11 katika 100, na kwa waliopita miaka 60 upungufu ulikuwa mkubwa zaidi, hali ya kuwa hata huko waliovaa barakoa sawasawa hawakufika nusu ya watu. Lakini za nguo hazikuonyesha faida iliyo dhahiri. Na hilo Shirika la Afya lenyewe, mwanzoni mwa mwaka 2020, halikuwa likimshauri kila mtu avae. Basi mwenye kusema kuwa nguo ilikuwa ni ngao kamili amekosea, na mwenye kusema kuwa haikuwa na maana yoyote amekosea vilevile.

Je, mtu alazimika kubeba taabu kwa ajili ya faida iliyo ndogo tena yenye shaka? Sisi twaona kuwa yapasa kuangaliwa vitu viwili pamoja: taabu ni kiasi gani, na dhara linalokhofiwa ni kiasi gani. Taabu ya barakoa ni joto, jasho, na miwani kuingia ukungu. Dhara ni roho ya mtu. Palipokuwa hapana kitu kilicho bora zaidi mkononi, kidogo kile kilikuwa ni haki ya jirani, na kumnyima ilikuwa ni kumdhulumu. Lakini leo barakoa za hospitali zapatikana kwa bei nafuu, na mwenye kikohozi aliye na uwezo ni bora anunue hizo kuliko ya nguo. Kijana wetu aliijua ile aliyokuwa nayo, akaivaa. Hilo lamtosha.

Sasa tuseme letu.

Mwezi wa Aprili 2020 wenzetu wa darsa walichanga fedha ili zishonwe barakoa wapewe wasiojiweza. Tulimwendea fundi mmoja wa kanzu, mtu mzima, ambaye kwa desturi mwezi kama ule huwa hapati usingizi kwa kazi za Idi, na mwaka ule cherehani yake ilikuwa imefunikwa shuka. Alifurahi. Alichagua nguo mwenyewe. Kila kipande alikiinua juani, akitazama. Kikipitisha mwangaza mwingi hukitupa kando, na kilichobaki hukiweka tabaka mbili na kitu cha kati, akakifanyia marinda kikae vizuri juu ya pua. Alishona mia moja kwa wiki mbili, na kila moja aliifua kwa sabuni akaianika kabla ya kutupa. Tulizigawa, watu wakaomba zaidi.

Kisha Mji wa Kale ukafungwa, fedha zikapungua, na maombi yakazidi. Katika waliochanga walikuwako watu wawili waliopenda kusikia idadi kubwa. Tukafanya hesabu tukaona kuwa kwa fedha zilizobaki, tukishona kwa namna ya kwanza tutapata khamsini, na tukishona kwa tabaka moja, kwa nguo ya rahisi, tutapata mia mbili. Tukamwendea fundi tukamwambia hivyo. Aliiweka mikasi chini. Akasema: "Maalim, hicho kitakuwa ni kitambaa tu. Mwenye kukivaa atamkaribia mgonjwa kwa kuniamini mimi. Mwendeeni fundi mwengine, mimi mnisamehe." Nasi, badala ya kurudi nyuma, tulifanya kama alivyotuelekeza, tukamwendea fundi mwengine, ambaye hakutuuliza neno. Barakoa mia mbili zilikuwa tayari kwa siku nne. Tulizigawa katika kumi la mwisho la Ramadhani, mlango kwa mlango, watu wakatuombea dua, nasi tukaitikia amin.

Baada ya Idi tulikutana na mama mmoja mkongwe, jirani, akatwambia kwa moyo safi kabisa: "Wanangu, zile barakoa zenu Mungu awalipe. Mbili nimezifumua nachujia tui. Lapita vizuri kushinda kifumbu." Tulicheka sote. Kisha mmoja wetu akanyamaza, na wengine wakanyamaza mmoja mmoja. Nguo ipitishayo tui kushinda kifumbu, itazuia pumzi ya nani?

Tumelifikiri jambo hili miaka yote hii. Wako wenzetu wasemao kuwa hatukukosa, kwani kitambaa kimoja ni bora kuliko uso mtupu, na watu mia mbili ni wengi kuliko khamsini. Huenda ikawa ni kweli. Laiti tungalisimama mlangoni tukasema, "Mama, hii ni nyepesi, ikunjeni mara mbili, wala msimkaribie mtu kwa kuitegemea," tusingalikuwa na la kujuta. Kosa letu ni kuwa tulizitoa kwa maneno yaleyale tuliyozitolea zile za kwanza, na mpokeaji hakuwa na njia ya kujua tafauti. Tumewasomesha watu mara ngapi khabari za mfanyabiashara aliyeweka nafaka mbichi chini na kavu juu? Nasi twajitetea kuwa hatukuuza, tulitoa bure! Kutoa bure kulizidisha ubaya, kwani mwenye kununua hukagua na mwenye kupewa huona haya kukagua. Je, yuko aliyeugua kwa sababu yetu? Hatujui, wala hatutajua kabisa. Dhara la namna hii halina alama. Pumzi haiandiki jina la mwenyewe juu ya mtu iliyemgusa. Na ndiyo sababu nafsi hulifanya jepesi.

Yule fundi wa kwanza tulimwendea tukamuomba radhi. Alisema yamekwisha, akatupa chai.

Liko na jambo jengine tuliloliona siku zile. Katika nyumba moja ya jirani zetu walikuwamo watu saba na barakoa moja, imetundikwa msumarini nyuma ya mlango. Atokaye huivaa, arudiye huitundika, na wa pili huichukua ikali na unyevu wa kinywa cha wa kwanza. Kitu kilichofanywa ili kizuie maradhi kikawa ndicho kinachoyapeleka kutoka kwa mtu hadi kwa mtu katika nyumba moja. Tulipomuuliza mama mwenye nyumba alitujibu wazi: "Askari ataka kuiona usoni, hataki kujua ni ya nani." Tungemlaumu vipi? Shilingi 20,000 hakuwahi kuzishika kwa pamoja, na pesa za barakoa ya pili zilikuwa ni pesa za unga. Khofu ya faini ilikuwa kweli, na khofu ya maradhi ilikuwa ni maneno ya redioni. Hakuna aliyemueleza kuwa nguo ile kazi yake ni kumhifadhi mwanawe na yeye. Alielezwa kuwa ni ruhusa ya kupita njiani. Na waliokuwa na uwezo je? Walikuwa nayo kidevuni, wakiipandisha waonapo askari na kuishusha wampitapo, kama mtu apandishaye bendera. Tumemuona na bwana mmoja aliyekuwa nayo usoni ndani ya gari lake peke yake, vioo vimefungwa, akaivua aliposhuka kuzungumza na watu barazani.

Hatusemi kuwa sheria haikufaa. Palipo na watu wengi na khatari ya ghafula, serikali haiwezi kungoja nyoyo za watu zitengenee. Twasema kuwa sheria huweza kuitoa nguo hata ikafika usoni, na kutoka usoni hata moyoni ni safari nyengine, na hiyo ilikuwa ni kazi yetu sisi wenye mimbari na darsa. Wengi wetu hatukuifanya. Tulikuwa tumeshughulika kubishana juu ya misikiti kufungwa.

Na katika mabishano hayo ndimo lilimotoka lile neno la kuwa kujikinga ni upungufu wa imani. Neno hili limejibiwa tangu zamani sana. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham alifika mahali paitwapo Sargh, akapewa khabari kuwa tauni imeingia nchi ile. Alifanya shauri na Muhajirina, kisha na Ansari, kisha na wazee wa Kikureshi, akakata neno kurudi. Abu Ubaida, naye ni mtu tumjuaye daraja yake, alimkabili kwa suala lilelile la barazani petu: je, yaikimbia kadari ya Mungu? Khalifa hakubadili shauri lake. Aliona kuwa kurudi nako kumo katika kadari hiyohiyo. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf na mafundisho aliyoyasikia kwa Mtume, kuwa nchi yenye tauni isiingiwe, na aliyemo asitoke kwa kuikimbia. Tutazame vizuri sehemu ile ya pili. Aliyemo hatoki, ijapokuwa kutoka huenda kukamuokoa yeye. Haipiti barakoa ya nguo, iliyo taabu ya saa moja, kwa uzito! Abu Ubaida mwenyewe alifariki katika tauni ile, mwaka wa 18 wa Hijra, na hapana asemaye kuwa imani ya Umar ilikuwa pungufu kuliko yake.

Ama suala la Sala, ni kweli kuwa mafakihi wamelihesabu kuwa ni makuruhu mtu kuziba kinywa ndani ya Sala. Lakini karaha huondoka panapokuwa na haja, na kumkinga na maradhi aliyesimama bega kwa bega nawe ni haja iliyo wazi kuliko kuziba kinywa kwa kupiga mwayo, ambako kumeruhusiwa. Yule aliyemfananisha kijana wetu na mwizi na azingatie hilo.

Wengine husema kuwa barakoa ni zuo la Wazungu la kutuzuga. Zuo hilo lina khabari nyengine. Mwisho wa mwaka 1910, tauni ya mapafu, ile yenye kupita kwa pumzi, ilienea Manchuria, kaskazini mwa China. Aliyepelekwa kuizuia alikuwa daktari kijana, Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang katika nchi ya Malaya. Alifahamu kuwa maradhi yapita hewani, akaamrisha watu wavae barakoa za shashi na pamba, kitu cha kushonwa kwa mkono. Daktari mmoja wa Kifaransa, Gérald Mesny, mtu mwenye jina na umri kumshinda, alimdharau, akaenda kuwatazama wagonjwa uso mtupu. Akaambukizwa, akafa mwezi wa Januari 1911. Tauni ile iliua kadiri ya watu 60,000 kabla ya kuzimwa. Twalitaja hili kwa sababu moja tu. Mesny hakuwa mjinga, alikuwa ni mwanachuoni asiyetaka kufundishwa na mdogo wake, na barazani petu wamo wengi wa namna yake.

Sasa turudi kwa kijana. Serikali iliondoa lazima ya barakoa mahali pa wazi tarehe 11 Machi 2022, na tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa Korona si dharura ya dunia tena. Ilikuwa ni haki kufanya hivyo. Haiwezekani watu wote wabebeshwe kila siku jambo ambalo sababu yake imepungua. Kwa hivyo yule aliyekuwa akivaa kwa ajili ya askari, sababu yake imekwisha, na ndiyo maana acheka. Lakini maradhi yenyewe hayakutoka duniani. Na kifua kikuu kiko mjini petu, nacho chapita kwa pumzi vilevile, na homa ya mafua huwaua wazee. Wajibu uliokuwa juu ya kila mtu umerudi kuwa juu ya mwenye kukohoa. Wewe, kijana wetu, ulikuwa ukikohoa. Hukukosa. Na lau ungalibaki nyumbani usiku ule ingalikuwa bora zaidi, nasi tungalikupelekea maandishi ya darsa. Hilo twakwambia kwa kukupenda.

Hatumlazimishi kila mtu. Mtoto mdogo hapasi kulazimishwa. Shauri lililotolewa na wataalamu mwaka 2020 ni kuwa walio na miaka 5 na chini yake waachwe. Mwenye pumu ambaye pumzi humkata naye ana udhuru. Na wako ndugu zetu viziwi, ambao husoma midomo ya watu. Kwao mwaka ule mji mzima ulinyamaza ghafula, na sisi hatukulitambua hilo mpaka mmoja wao, katika safu yetu, alipotuandikia kwenye karatasi kuwa kwa miezi mitatu hakuna mtu aliyezungumza naye. Anayezungumza na kiziwi na asogee nyuma hatua kadhaa, mahali penye upepo, aishushe barakoa yake.

Aliye nayo ya nguo sandukuni tangu siku zile na aitazame mpira wake, kwani mwingi umelegea, na aifue kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kuivaa. Yule fundi amekubali kushona nyengine kwa tabaka tatu, kwa atakaye. Na tumemuomba aandike kwa wino kwenye kila moja idadi ya tabaka zake.

Darsa ya wiki hii iko palepale baada ya Isha. Madirisha mawili ya upande wa bahari yatafunguliwa kabla ya watu kuingia, na mahali pa karibu na mlango pameachwa kwa mwenye kikohozi, yeyote atakayekuwa.